AJUAYE NA ASEME

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: historia ya haki ya mnunuzi wa motokaa kuukuu

Maneno ya kusoma kwanza (kiongozi ayaandike ubaoni)

Dosari: ubaya au upungufu ulio ndani ya kitu.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba fedha zimelipwa.
Mkataba: mapatano yanayokubaliwa na sheria.
Fidia: malipo ya kumrudishia mtu hasara aliyoipata.
Rufani: kupeleka shauri kwenye mahakama ya juu zaidi.

Natumaini kila darasa limekwisha kaa, taa inawaka vizuri, na kiongozi ana kitabu chake mkononi. Katika somo lililopita tulisema habari za mizani ya dukani. Tuliona kwamba mizani ni kitu cha wazi: ukijua kuisoma, mwenye duka hawezi kukupunja hata robo kilo. Leo twaendelea na jambo gumu zaidi, yaani dosari isiyoonekana kwa macho wala kupimwa kwa mizani.

Tuseme yuko mkulima mmoja. Kwa miaka minne ameweka akiba kidogo kidogo, kwa sababu anataka pikapu ya kupelekea mazao yake sokoni. Kila msimu nyanya zake huoza akingojea gari la kukodi. Fedha zake hazitoshi kununua gari jipya. Basi anakwenda mjini kwa mfanyabiashara wa magari makuukuu. Anaizunguka pikapu mara tatu. Anaipiga mipira kwa mguu. Anafungua mlango na kuufunga. Rangi yang'aa kama sahani mpya. Anatoa fedha zake zote, anatia sahihi karatasi asiyoisoma, na kwenda zake kwa furaha. Siku ya tisa, katikati ya mlima, injini inagonga, moshi unafumuka, na gari linasimama. Fundi anaifungua injini, kisha anatikisa kichwa. Anasema, "Ubaya huu si wa siku tisa."

Mkulima anarudi kwa mwuzaji. Naye mwuzaji anamjibu kwa maneno mawili tu: "Uliliona mwenyewe."

Maneno hayo mawili ndiyo somo letu la leo. Je, ni jibu la haki? Mtu akiona kitu kwa macho yake na kukinunua, je, dosari zote zilizojificha ndani ni mzigo wake? Watu wamebishana juu ya swali hili kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi, tangu siku za kuuza farasi na punda mpaka siku hizi za motokaa. Tukiifuata historia hiyo tutaona jinsi mzigo ule ulivyohama polepole, kutoka kwa yule anayetazama tu, kwenda kwa yule anayejua.

1. Sokoni zamani

Tuanze na mji wa Roma wa kale. Katika masoko ya Roma walikuwako wasimamizi wa serikali, na kazi yao mojawapo ilikuwa kuamua ugomvi wa wanunuzi na wauzaji. Wasimamizi hao walitoa amri kwamba mtu anayeuza mnyama lazima aseme wazi magonjwa na dosari zake. Asiposema, mnunuzi aliweza kumrudisha mnyama na kudai fedha zake katika muda wa miezi 6. Amri hiyo hiyo ilihusu na watumwa; ndiyo kusema, sheria hii njema ilizaliwa katika soko ambamo hata binadamu aliuzwa, na hilo ni jambo la kuhuzunisha. Lakini tushike neno moja: mwuzaji wa Kirumi hakuweza kujitetea kwa kusema, "Nami sikujua." Ilimpasa kujua bidhaa yake.

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na kanuni yake tangu zamani, katika sheria ya Kiislamu. Mnunuzi akigundua aibu iliyokuwamo katika kitu kabla hajakinunua, naye hakuambiwa, ana hiari ya kukirudisha na kupewa fedha zake. Hiari hiyo waliijua makadhi na wafanya biashara wa pwani muda mrefu kabla ya motokaa ya kwanza kushushwa bandarini.

Uingereza mambo yalikuwa mengine. Huko kanuni ilikuwa kwamba mnunuzi na ajihadhari mwenyewe. Mwaka 1603 iliamuliwa kesi moja iliyokumbukwa sana. Sonara aliuza jiwe kwa pauni 100, fedha nyingi mno siku zile. Alisema ni bezoari, yaani jiwe linalopatikana katika tumbo la wanyama kama mbuzi, ambalo watu wa wakati ule waliamini kuwa ni dawa ya sumu. Kumbe halikuwa bezoari. Mnunuzi akashtaki, lakini akashindwa. Mahakama ilisema kwamba sonara alitaja tu jina la jiwe. Hakutoa dhamana kuwa ni lenyewe. Basi ilikuwa shauri ya mnunuzi. Hilo ndilo jibu la mwuzaji wa pikapu yetu: uliliona mwenyewe.

2. Sheria ya mwaka 1893

Kwa nini Waingereza waliibadili kanuni hiyo? Kwa sababu biashara yenyewe ilibadilika. Zamani mtu alinunua ngano kwa jirani. Aliweza kuishika na kuinusa. Viwanda vilipokuja, bidhaa zilifungwa katika masanduku na kusafirishwa kwa meli na gari la moshi. Mnunuzi alikuwa mbali, naye hakuweza kuona ndani. Mahakimu wakaanza kumpa ulinzi, kesi moja baada ya nyingine. Mwisho mwanasheria aitwaye Mackenzie Chalmers akayakusanya maamuzi hayo, na mwaka 1893 Bunge likayafanya kuwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa.

Sheria hiyo iliweka masharti ambayo yamo katika mauzo hata kama hakuna aliyeyatamka. Haya matatu ndiyo makubwa kwetu. La kwanza, kitu kilingane na maelezo yake: kikiuzwa kwa jina la gari la mwaka fulani, kiwe cha mwaka huo. La pili, kama mnunuzi amemwambia mfanyabiashara kazi anayotaka kufanya na kitu hicho, akategemea ujuzi wake, kitu kifae kwa kazi hiyo. La tatu, bidhaa ya mfanyabiashara iwe na hali inayostahili kuuzwa. Lakini sharti hili la tatu lilikuwa na mpaka: kama mnunuzi amekikagua kitu, hawezi kulalamika kwa dosari ambayo ukaguzi ule ulipasa kuionyesha.

Sheria hiyo ilitungwa wakati motokaa zilikuwa chache mno, na watungaji hawakuzifikiria. Hata hivyo ikawa ngao kubwa ya wanunuzi wa motokaa. Tena haikubaki Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali za kikoloni za Kenya, Tanganyika na Uganda zilitunga sheria zilizoifuata karibu neno kwa neno. Kenya na Tanzania zimeendelea nazo hata baada ya uhuru, na Uganda ilitunga nyingine mpya mwaka 2017. Kwa hiyo kesi za Uingereza nitakazosimulia sasa haziwafungi mahakimu wetu, lakini zimekuwa zikisomwa katika mahakama zetu kwa sababu maneno ya sheria yanafanana.

3. Sahihi na karatasi

Sheria ya 1893 ilikuwa na mlango wa nyuma. Iliruhusu watu kupatana wao wenyewe kwamba masharti yale yasiwepo. Na wafanya biashara wengi waliutumia mlango huo kwa njia ya karatasi yenye maandishi madogo.

Sikilizeni vizuri kisa hiki, ninyi mliojitoa usiku huu kuja kujifunza kusoma. Katika mji wa Llandudno, huko Wales, bibi mmoja mwenye mkahawa alinunua mashine ya kuuzia sigara. Akatia sahihi karatasi ya rangi ya hudhurungi, yenye maandishi madogo sana. Mashine ikaharibika baada ya siku chache. Bibi akadai haki yake. Katika yale maandishi madogo yalikuwamo maneno ya kuondoa masharti yote yasiyoandikwa. Bibi akasema hakuyasoma. Mwaka 1934 mahakama ikaamua: mtu aliyetia sahihi karatasi, kama hakudanganywa, hufungwa nayo, awe ameisoma au hakuisoma.

Bibi yule alijua kusoma. Hakukosa elimu, alikosa kuisoma karatasi ile. Basi na tujue kwamba sahihi, au alama ya dole gumba, ni kama kufuli. Ukiifunga bila kujua kilichomo ndani, kuifungua ni kazi kubwa.

Lakini je, karatasi yaweza kuruhusu kila kitu? Mwaka 1956 mahakama ya Uingereza ililetewa kesi ya motokaa kuukuu aina ya Buick. Bwana mmoja aliitazama akaiona nzuri sana. Akakubali kuichukua kwa malipo ya polepole kupitia kampuni ya mikopo. Karatasi aliyotia sahihi ilisema kwamba mwenye gari hatoi ahadi yoyote juu ya umri wake, hali yake, wala kufaa kwake barabarani. Usiku mmoja gari likaletwa likivutwa kwa kamba, likaachwa nje. Asubuhi bwana yule akaliona. Mipira iliyokuwa mizuri ilikwisha badilishwa ikatiwa ya zamani. Redio imeondolewa. Injini imefunguliwa juu, valvu zimeungua, pistoni mbili zimevunjika. Gari lisingeweza kwenda hata hatua moja.

Kampuni ikasema: tazama karatasi yako. Mahakama ya Rufani ikakataa. Mmoja wa majaji wale alikuwa Denning, ambaye alikuwamo katika kesi zote nne zinazofuata katika somo hili. Walisema kwamba mtu aliyeahidi kutoa gari hawezi kuleta kitu kisichokwenda, kisha akajificha nyuma ya karatasi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1980, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisema kanuni hiyo ilikuwa imepelekwa mbali mno, na kwamba maneno ya mkataba ndiyo yasomwe kwanza. Lakini kufikia hapo Bunge lilikwisha kuufunga ule mlango wa nyuma: kwa sheria za mwaka 1973 na 1977, mfanyabiashara wa Uingereza hakuweza tena kumwondolea mnunuzi wa kawaida masharti yale kwa maandishi yake.

4. Nani alikuwa na njia ya kujua?

Sasa natoa kesi mbili zinazofanana kwa nje, lakini hukumu zake ni mbali kama mashariki na magharibi. Kiongozi, baada ya kipindi waulize wanafunzi kwa nini.

Ya kwanza. Kijana mmoja Mwingereza alitaka gari jipya kutoka kwa mfanyabiashara. Kama sehemu ya bei akatoa motokaa ya nyumbani aina ya Morris. Kitabu cha gari kilionyesha ni ya mwaka 1948, naye akasema hivyo, akihesabiwa pauni 290. Miezi minane baadaye ikajulikana kwamba gari ni la mwaka 1939. Mtu asiyejulikana, katika wenye gari wa zamani, alikuwa amebadili maandishi ya kitabu. Thamani yake ya kweli ilikuwa pauni 175. Mfanyabiashara akamshtaki kijana. Mwishoni mwa mwaka 1956 Mahakama ya Rufani, kwa wingi wa majaji, ikamwachilia kijana. Yeye si mjuzi wa magari. Alisoma tu kitabu kilichokuwa mbele yao wote wawili. Mfanyabiashara ndiye mwenye ujuzi, naye angeweza kuandika nambari za injini na chasisi na kuwauliza watengenezaji.

Ya pili iliamuliwa mwaka 1965. Hapa mfanyabiashara ndiye aliyeuza, na gari lilikuwa aina ya Bentley. Alimwambia mnunuzi kwamba tangu kutiwa injini na giaboksi nyingine, gari limekwenda maili 20,000 tu; na saa ya maili ilionyesha hivyo. Kumbe lilikuwa limekwenda karibu maili 100,000. Mahakama ikasema mfanyabiashara alipe fidia. Alikuwa na njia ya kuipata habari ya gari lile, naye alisema neno lake bila msingi wa kutosha.

Mnaona tofauti? Katika kesi zote mbili neno lililosemwa halikuwa kweli. Wala hakuna mahali mahakama ilipotafuta nani ana macho makali. Ilitafuta nani alikuwa na njia ya kujua, na nani alitegemea neno la mwenziwe. Pia tunajifunza jambo la pili: kununua kwa mtu binafsi si sawa na kununua kwa mfanyabiashara. Mtu binafsi haruhusiwi kudanganya, na gari lake lazima lilingane na maelezo yake. Lakini lile sharti la hali inayostahili kuuzwa sheria ya 1893 ilimwekea mfanyabiashara, kwa kuwa magari ndiyo kazi yake.

5. Jaguar mbili

Hapa yafaa tuwe waadilifu kwa wauzaji pia. Gari kuukuu ni gari kuukuu. Limekwisha kula barabara. Mtu hawezi kulinunua kwa bei ya kuukuu kisha akalidai lifanye kazi kama jipya.

Mwaka 1965 huo huo ilikuja kesi ya Jaguar kuukuu. Mwuzaji alimwambia mnunuzi wazi kwamba klachi ina kasoro. Akampa hiari: tukutengenezee, uongeze bei, au lichukue hivi kwa bei ya chini, utengeneze mwenyewe. Mnunuzi akachagua bei ya chini. Baadaye klachi ikaonekana kuwa mbovu kuliko walivyodhani wote wawili, na gharama ikawa kubwa. Mnunuzi akashtaki, na mwishowe akashindwa katika rufani. Denning alieleza kwamba anayenunua gari lililotumika ajue kuwa dosari zitatokea mapema au baadaye. Gari lile lilikuwa bado laweza kuendeshwa, na dosari yake ilitajwa.

Jaguar ya pili ilinunuliwa mwaka 1972 kwa pauni 390. Ilikuwa na umri wa miaka 8, nayo ilikwisha kwenda maili 82,000 na zaidi. Mwuzaji aliisifu sana injini yake. Baada ya majuma matatu na maili 2,300 hivi, injini ikakwama kabisa. Yule aliyekuwa na gari kabla yao akatoa ushahidi kwamba alipoliuza kwa wafanya biashara, injini ilikuwa imekwisha kabisa. Safari hii mnunuzi akashinda. Majaji walikubali kwamba gari kuukuu laweza kuharibika. Lakini injini iliyokufa kwa majuma matatu ni ushahidi kwamba siku ya kuuzwa ilikuwa haifai tena kazi ya barabarani.

Pikapu ya mkulima wetu inafanana na Jaguar gani? Siku tisa, na fundi anasema ubaya si wa siku tisa. Nadhani mmekwisha pata jibu. Lakini angalieni: mnunuzi wa Jaguar ya pili alishinda kwa sababu alikuwa na shahidi na hesabu ya maili. Hasira peke yake haikumpatia kitu.

6. Hasara ya wauzaji wenye haki

Wako watu wanaodhani sheria hizi zinamwonea mfanyabiashara. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika maelezo yaliyoonyesha kinyume chake. Wamarekani gari bovu huliita limau. Akerlof aliuliza hivi: kama mwuzaji anajua gari lake ni zima au bovu, na mnunuzi hajui, itakuwaje sokoni? Mnunuzi, akiogopa limau, atakataa kutoa bei ya gari zima. Mwenye gari zima, akiona bei ni ndogo, ataliondoa sokoni. Yatabaki mabovu. Wanunuzi wataogopa zaidi, na bei itashuka tena. Basi mwuzaji mwaminifu anaharibiwa na mwenzake mdanganyifu. Kwa kazi hiyo na nyingine za namna hiyo, Akerlof alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na wenzake wawili.

Wazee wetu walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini motokaa mbovu iliyopakwa rangi nayo hujiuza, na nzuri ikakosa mnunuzi. Ndiyo sababu Marekani, kwa kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1985, wafanya biashara wa magari yaliyotumika wanatakiwa kubandika karatasi dirishani mwa kila gari. Karatasi hiyo husema kama gari lina dhamana au linauzwa kama lilivyo. Na Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2015, aliyenunua kwa mfanyabiashara gari lenye dosari ana siku 30 za kulirudisha. Na dosari ikionekana katika miezi 6 ya kwanza, kwa kawaida huhesabiwa kwamba ilikuwamo siku ya kuuzwa, mpaka mfanyabiashara athibitishe kuwa haikuwamo. Tazameni jinsi mzigo ulivyohama tangu siku za jiwe la yule sonara.

7. Kwetu Afrika ya Mashariki

Magari mengi yaliyotumika tunayonunua hutoka Japani, ambako nako huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu. Mnunuzi wa Mwanza au Kisumu hawezi kumwuliza mwenyewe wa zamani habari za injini. Tena saa ya maili, au ya kilomita, yaweza kurudishwa nyuma na mtu mwovu. Kwa hiyo karatasi zina kazi kubwa. Magari yanayopita katika minada ya Japani hukaguliwa, na hali yake na kilomita zake huandikwa katika karatasi ya mnada. Mwulize mwuzaji akuonyeshe. Kenya imeweka kanuni kwamba gari lililotumika lisiingizwe nchini likiwa limepita miaka 8.

Sheria nazo zimeongezeka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na dosari. Ikafuatwa na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Tangu mwaka 2021 Kenya ina pia mahakama za madai madogo, ambazo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu anaweza kujisemea bila wakili. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia.

Lakini sheria ni kama jembe lililowekwa darini. Halilimi mpaka mtu alishike. Basi shikeni haya sita:

Moja. Mwambie mfanyabiashara kazi unayotaka gari lifanye: mzigo wako, barabara yako, mlima wako. Sheria hukulinda zaidi ukiisema shida yako.

Mbili. Uliza wazi: lina dosari gani? Limekwenda kilomita ngapi? Lilipata ajali? Majibu yaandikwe, naye atie sahihi yake.

Tatu. Mlete fundi wako, si fundi wa mwuzaji. Linganisha nambari za injini na chasisi na kadi ya gari.

Nne. Usitie sahihi wala dole gumba mpaka umesoma au umesomewa na mtu wako. Ukiona maneno "kama lilivyo," jua kwamba wanataka ubebe mzigo wote. Uliza bei ya mzigo huo.

Tano. Tunza stakabadhi na mkataba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sita. Gari likiharibika, usiendelee kulitumia miezi mitatu ndipo ulalamike. Mwandikie mwuzaji mara moja, weka nakala, na mwache aone kabla fundi hajafungua kila kitu. Anayekawia yumkini akapoteza haki ya kulirudisha gari, akabaki na kudai fidia tu.

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Mwuzaji amemwambia, "Uliliona mwenyewe." Kama alifanya yale sita, naye ana jibu. Anaweza kusema kwa adabu: "Ndiyo, bwana, niliona rangi na mipira. Kuhusu injini nilikuuliza wewe, na jibu lako hili hapa, umelitia sahihi." Na mfanyabiashara mwaminifu hataona haya kuyasikia maneno hayo, maana amekwisha sema alilolijua kabla ya kupokea fedha.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini kijana mwenye Morris aliachiliwa, na mfanyabiashara wa Bentley akalipa?
2. Mnunuzi wa Jaguar ya kwanza alishindwa. Je, mnaona ni haki? Toeni sababu.
3. Someni kwa sauti stakabadhi au mkataba mmoja ulioletwa na mwanafunzi. Ni maneno gani yanamlinda mwuzaji? Yapi yanamlinda mnunuzi?
4. Kila mwanafunzi aandike maswali matatu ambayo angemwuliza mwuzaji wa gari kabla ya kutoa fedha.

Kwaherini mpaka juma lijalo.